Nyumba Yetu Inajiwashia Taa

Mbinga,
Jumapili, baada ya misa ya pili.

Dada yangu mpendwa Tadea,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, tafuta mahali pa kukaa, maana barua hii ni ndefu na mwandishi wake ana furaha inayomtoka hadi kwenye kalamu. Hamjambo hapo Lituhi? Shemeji Tobias hajambo, na watoto? Je, miguu ya Mama imeacha kuvimba tangu alipoanza zile dawa? Mwambie namwombea kila siku. Mwambie pia wale dagaa wetu wa ziwani, usipa, alionitumia walifika wakavu na safi, nikafungua mfuko, nikasimama katikati ya jiko nimefumba macho, nikasikia mawimbi yakigonga mitumbwi. Mume wangu akaja akanikuta hivyo, akaniuliza naumwa wapi. Nikamwambia siumwi, niko kwetu kidogo, nitarudi sasa hivi.

Sisi huku ni wazima. Dada, bado nikiandika "mume wangu" naweka kalamu chini nicheke kwanza. Tangu tufunge ndoa baada ya Pasaka naamka kila siku nikidhani ni mchezo wa kuigiza wa shuleni, kwamba Sista atapiga kengele na sote tuvue magauni. Kisha namsikia Pankras anapiga mluzi kule bafuni na najua kengele haitapigwa.

Umekuwa ukinilalamikia kwamba kwenye simu maneno yangu yanakatika. Ni kweli, mtandao wa hapo kwenu ni wa kubahatisha, na haya ninayotaka kukueleza si ya kupigia kelele mlimani watu wakisikiliza. Ndiyo maana nimeandika, na Henry wa gari la samaki amekubali kukuletea. Mengine msomee Mama. Mengine utajua mwenyewe ya kuruka.

Nianze na baridi, maana ndiyo iliyonipokea kabla ya watu. Nyie mnalala madirisha wazi na shuka moja. Huku mwezi huu ukungu unapanda kutoka mabondeni asubuhi na kuingia hadi barazani, unaona mlango lakini huoni kizingiti. Ukianza kutawanyika, milima inatokea kipande kipande, na yale mashimo yao ya kulimia wanayoyaita ngolo yamejipanga juu ya miteremko kama masega ya nyuki. Wavunaji wa kahawa wanaimba na huwaoni. Nikitoka nje na kikombe changu cha chai nahisi natembea ndani ya ndoto ya mtu mwingine, natamani asiamke.

Nyumba ni ya marehemu baba mkwe. Aliijenga miaka ile kahawa ilipokuwa na heshima: matofali ya kuchoma, kuta ndefu, madirisha mapana, na bati tupu juu bila dari. Nyumba ya fahari, lakini baridi ilihamia humo zamani na ilikuwa na chumba chake. Unakumbuka Pankras alivyokuja hapo Lituhi kufunga sola za parokia, akaniambia kwao kuna nyumba anayoitengeneza polepole, na anataka siku moja iwe inamjua mtu anapoingia? Nilidhani ni maneno ya kijana anayetafuta mchumba. Kumbe alikuwa anasema kweli kama fundi.

Vitu vyote alivinunua kwenye duka la Mzee Ausi pale mjini. Babu yake Mzee Ausi alitoka Kilwa, na mwenyewe anauza waya na balbu kwa maneno matamu kama anauza manukato. Mara ya kwanza nilipokwenda na Pankras, mzee alikataa kabisa kutuuzia taa nyeupe za sebuleni. Alisema bibi harusi chini ya taa nyeupe anafanana na samaki aliye kwenye friji, na kwamba taa nyeupe ni ya hospitali, ya kuchomea sindano, ya njano ndiyo ya kuangaliana. Pankras aling'ang'ania nyeupe, eti inaonyesha vizuri. Mzee Ausi akamwuliza inaonyesha nini, unatafuta sindano iliyoanguka au unamtazama mkeo? Tukanunua nyeupe. Baada ya wiki mbili za kuonana kama samaki tulirudi kuzibadilisha, na hiyo safari ya kuzibadilisha ndiyo chanzo cha barua hii. Subiri.

Nikupe kwanza habari ya kazi ya mume wangu, maana shemeji Tobias anataka kutengeneza nyumba na anaweza kupata akili. Pankras anasema watu wengi wanakosea kwa kukimbilia hita. Unanunua hita, unawasha, joto lote linapanda kwenye bati na kwenda kuwapasha moto popo. Kwa hiyo kwanza aliweka dari. Kisha akaziba nyufa za madirisha kwa mpira, na chini ya kila mlango akapigilia kipande cha blanketi kuukuu. Nilimcheka, lakini usiku ule ule nyumba ilibadilika, kama mtu aliyevaa sweta. Ndipo akapandisha paani hita ya maji ya jua, na Dada, sijui nikuelezeje: nje kuna umande mweupe juu ya majani ya kahawa, na mimi ndani maji ya moto yananimwagikia mabegani kama mvua ya Desemba kwenye ziwa letu. Siku ya kwanza nilikaa humo mpaka akagonga mlango akiuliza kama nimeyeyuka.

Chumbani kwetu ameweka hita ndogo ya umeme yenye kifaa cha kupima joto. Baridi ikizidi inajiwasha yenyewe, joto likitosha inajizima, haili umeme bure. Kuna swichi zinazotii simu, na kuna taima. Barazani kuna taa ya sensa: mtu akikaribia inawaka, asipotikisika inazimika, akitikisika inawaka tena. Sebuleni taa zinajiwasha giza likianza, na siku za kwanza redio pamoja nazo, ili tukiwa shambani au mjini mwizi adhani kuna watu. Mwanzoni nilikuwa naziambia taa asante. Usicheke.

Lakini nyumba hii yote, Dada, hakuitengeneza kwa ajili yangu. Aliniambia kabla ya kunioa na nilimpenda zaidi kwa hilo. Aliitengeneza kwa ajili ya mama yake.

Mama mkwe wangu anaitwa Mama Gaudiosa. Ni mwembamba, mrefu, anatembea kama anayehesabiwa hatua na watu, na hacheki ovyo. Tangu baba mkwe afariki aliiacha nyumba kubwa kwa sababu ya ubaridi wake, akahamia kwenye jiko la zamani chini kidogo ya mteremko. Anapika humo na analala humo, kando ya moto usiozimwa. Ule moshi umemwingia kifuani. Ukimsikia akikohoa asubuhi unatamani umshikie mbavu. Mwaka jana alilazwa, na daktari akamwambia Pankras waziwazi kwamba mama huyu akipitisha msimu mwingine wa baridi ndani ya moshi, kifua hakitamvusha. Kwa hiyo chumba chake, cha upande wa jua, kilitengenezwa kwanza, kikapakwa rangi, kitanda kikatandikwa kabla ya chetu. Mama alisema atahamia baada ya sisi kukaa kidogo, bibi harusi apumue. Alisema kwa upole. Nami nilikuwa namngojea kwa hamu, maana alinipokea vizuri siku ya harusi, akanishika shavu kwa kiganja kikavu, akasema kwa Kiswahili cha kuchagua maneno kwamba ziwa limempa binti.

Sasa ile jioni. Nataka kuiandika polepole.

Tulikuwa tumekwenda mjini kubadilisha balbu. Tulirudi kwa miguu, ameshika mfuko mkono mmoja na mkono mwingine amenishika mimi. Tulipofika kwenye kilima kinachotazamana na kwetu, bonde lilikuwa limejaa ukungu kama bakuli la maziwa, na nyumba yetu ng'ambo ilikuwa nyeusi tu kama jiwe. Pankras akanisimamisha. Akanigeuza mabega akasema nitazame, nisiulize kitu. Zile taima na redio alikuwa amezitega mchana huo huo kwa mara ya kwanza, kusudi nione kutoka mbali.

Dada, nyumba iliwaka. Dirisha la sebule, halafu la jikoni, halafu lile la chumba cha Mama. Hakuna mkono wa mtu. Katikati ya ukungu ule ilikuwa kama meli iliyotia nanga juu ya mawingu. Nililia. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia sijawahi kungojewa na nyumba.

Kisha taa ya barazani nayo ikawaka. Pankras akasema huyo atakuwa mbwa wa jirani. Ikazimika. Ikawaka. Ikazimika tena, ikawaka tena. Akaanza kucheka, mbwa gani huyu asiyechoka, anataka kupanga chumba? Nikamwambia si mbwa, ni nyumba inatukonyeza. Tukacheka mpaka nikamwegemea. Hatukuwa na haraka. Tulikaa juu ya jiwe pale kilimani, na (hapa ruka, usimsomee Mama yetu) alinibusu mpaka nikasahau kwamba kuna baridi duniani. Tulipofika nyumbani giza lilikuwa limetanda na barazani hapakuwa na mbwa. Asubuhi nilikuta majivu kidogo kwenye ngazi. Nikayafagia nikiimba.

Tangu hapo Mama Gaudiosa akabadilika. Nikimwamkia ananiitikia marahaba, lakini macho yanapita juu ya bega langu. Nikimpelekea chakula anapokea, anashukuru, anarudisha bakuli likiwa limeoshwa na tupu, bila hata yai au ndizi moja ndani, na kwa desturi ya huku bakuli tupu lina maneno mengi. Habari ya kuhamia hakuitaja tena. Pankras alimwuliza, akajibiwa kwamba moshi wake unamtosha. Kikohozi kikazidi. Usiku tukiwa kwenye joto letu tulikuwa tunakisikia kutoka chini ya mteremko, na mume wangu anageukia ukutani.

Jioni nyingine Pankras akirudi kutoka kazini alikuwa ananiuliza kama kuna mtu yeyote aliyekuja. Nikisema hakuna, anachungulia barazani. Sikujua anamngoja nani. Na jirani yetu Hildegardi, ambaye mdomo wake hauna taima, akaniambia kisimani mbele za watu kwamba wanawake wa ziwani tunajua kuvua: nimemvua mwana, nimemwacha mama ufukweni. Wakacheka wote. Nilibeba ndoo yangu nikapanda mlima huku maji yakinimwagikia, na sikujua ni ya ndoo au yangu.

Niliomba novena, siku tisa mfululizo. Nilijichunguza kila kosa. Je, ni sketi yangu? Ni kwamba sijui Kimatengo, lugha yao? Ni kwamba Pankras alipoitengeneza nyumba alivunja mafiga ya zamani ya baba yake, jikoni kukawa na gesi na umeme tu? Yeye mwenyewe alikuwa anaamini hilo la mafiga. Alikuwa anakaa kitandani ameshika kichwa, akisema amemjengea mama yake nyumba isiyo na mahali pa kukaa mama yake.

Jibu lilikuja kwa uzembe wangu. Siku moja Pankras alikuwa na kazi Liparamba, mimi nilishinda shambani nikichuma kahawa. Niliporudi jioni nikagundua asubuhi niliuvuta mlango ukajifunga, na funguo nimeziacha mezani. Nikasimama barazani. Taa ikaniwakia usoni. Kisha giza likaanza, sebule ikawaka, redio ikaanza kipindi chake cha vichekesho, watu wakaangua kicheko. Nami kwa upuuzi tu, kwa kuchoka, nikabisha mlango wa nyumba yangu mwenyewe nikasema hodi. Wakacheka tena. Dada, pamoja na kujua kwamba ni redio, niliona aibu. Niliona nimekataliwa.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu: "Na wewe hawakufungulii?"

Alikuwa Mama Gaudiosa, amesimama njiani na mzigo wa kuni kichwani. Nikamwuliza akina nani, Mama. Akasema hao ndugu zako wa ziwani, wanaocheka humo ndani kila jioni. Nikamwambia humo hamna mtu. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto mwenye homa. Akatua kuni, akapanda ngazi, akaweka viganja kwenye kioo cha dirisha na kuchungulia, nami nikachungulia kando yake, pua zetu mbili kwenye kioo. Alitazama muda mrefu. Akauliza huyo anayecheka amekaa wapi. Nikamwonyesha redio juu ya kabati. Akauliza nani kaiwasha. Nikasema hakuna. Akauliza na taa? Nikasema hakuna, Mama, zinajiwasha. Akauliza nani aliyenishauri niolewe kwenye nyumba ya namna hii. Nikasema mwanao.

Hapo ndipo alipoketi kwenye ngazi, na mimi nikaketi chini yake, akanieleza. Kwenye ukoo wao mama mkwe humletea bibi harusi moto. Anachagua siku yake mwenyewe, bibi harusi haambiwi, na mume amekatazwa kumdokeza. Anachukua makaa kutoka mekoni kwake, anayaweka juu ya kigae, anabeba kwa mikono yake, anabisha hodi. Bibi harusi mwenyewe ndiye anayepaswa kuitikia na kuyapokea kwa mikono miwili. Baada ya hapo nyumba zimekuwa moja, mama anaweza kulala upande wowote. Yeye alikuja na moto wake. Taa ilimrukia usoni. Aliona madirisha yamewaka, akasikia watu. Alibisha, wakacheka. Alibisha tena, wakacheka zaidi. Alisimama pale mpaka makaa yakawa majivu, akayamwaga kwenye ngazi, akarudi kwake. Aliyasema haya bila hasira, kama anasimulia msiba wa zamani. Nikamwuliza ilikuwa siku gani. Akasema siku ile alipotuona mchana tunakwenda mjini, akadhani tumerudi mapema.

Nikainama nikamfungia kuni zake, nisimtazame usoni. Utajua kwa nini.

Alijitwika kuni zake kichwani akaniambia basi, yamekwisha, si kosa la mtu. Nami nilidhani yamekwisha kweli. Niliamka kesho yake nimevaa kitenge kizuri, nikakaa karibu na mlango. Hakuja. Wala siku zilizofuata. Nilimwomba Pankras aitoe redio kwenye taima. Nilimwambia jioni nataka kusikia nyayo zake kwanza kabla ya sauti ya mtu mwingine, akaona haya mpaka masikio. Na yeye kwa mawazo yake ya mafiga akaanza kazi mpya. Alijenga jikoni meko ya matofali yenye bomba la moshi linalopita ndani ya ukuta wa chumba cha mama yake, likatokea juu ya paa. Moshi unakwenda mbinguni, na ukuta unabaki na joto mpaka asubuhi, nyuma ya kitanda kabisa. Aliniambia si kila joto lazima liwe na swichi. Nilimtazama amepaka udongo hadi kwenye nyusi, nikampenda upya tangu mwanzo.

Meko yakakauka. Mama bado hakuja. Kikohozi kilikuwa kimeanza kumkatisha maneno.

Basi nikachukua usipa wa Mama yetu nikateremka kwake. Niliingia ndani ya ule moshi, macho yakawa maji, tukaketi. Nilimwuliza moja kwa moja, kama ambavyo nisingethubutu kama ningekuwa na mahali pengine pa kwenda. Mama, nyumba inakuogopesha, au ni mimi?

Alikohoa, akachochea moto, akaona aibu kama msichana. Akaniambia moto ule hauji mkavu. Una maneno yake. Yeye alipewa na mama mkwe wake, naye na wake, na maneno hayo mama husema mara moja tu kwa kila bibi harusi, hayarudiwi. Siku ile alipobisha na kusikia watu wanacheka, alidhani bibi harusi ana haya, yuko nyuma ya mlango, wenzake wanamcheka. Hivyo aliyasema. Yote, mpaka mwisho, kwa Kimatengo, kwa sauti kubwa, mbele ya mlango uliofungwa. Akanitazama akasema baraka zako, mwanangu, amepewa mtangazaji. Sasa nikuletee nini? Moto mtupu?

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na moshi ukaniruhusu yote mawili. Kisha nikasema kitu ambacho sijui kilitoka wapi, Dada, maana mimi si mtu wa hekima, unanijua. Nikamwambia, Mama, maneno yako yaliingia ndani. Mimi ndiye niliyekuwa nje. Yamo humo mpaka leo, tunalala nayo, tunakula nayo, hayana mtu wa kuyakaribisha kwa sababu wewe ndiye unayeyajua. Njoo tu na moto uyakute.

Alipangusa macho kwa ncha ya khanga na kusema moshi wa leo ni mbaya.

Juzi, jua likielekea kuzama, nilikuwa nakuna nazi niliyoletewa na Henry. Nikasikia hodi. Nikaitikia karibu nikiwa tayari nimefika mlangoni, na Mama Gaudiosa akanikaripia pale pale, eti bibi harusi anatakiwa achelewe kidogo, asionekane alikuwa anangoja. Alikuwa ameshika kigae, makaa mekundu juu yake, na taa ya barazani ilikuwa imewaka kumwangaza lakini moto wake ulikuwa unang'aa kuishinda. Nikanyoosha mikono miwili. Joto lake, Dada! Yale maneno hakuyarudia. Tulikwenda pamoja tukaweka makaa kwenye meko mapya, nikapuliza, yakashika. Akasimama anatazama moshi unavyopanda kwenye bomba na kutokomea, akagusa ukuta, akaenda chumbani kwake akagusa ukuta upande wa pili, akarudi. Akauliza chai iko wapi.

Amelala kwetu tangu siku hiyo. Jana alikohoa kidogo alfajiri, basi. Pankras anatembea kama amekua urefu. Amemwambia Mzee Ausi na duka zima kwamba ni meko yake yaliyomrudisha mama, na tayari watu wawili wamemwomba awajengee ya namna hiyo.

Nami nimemwacha aamini hivyo. Hili ndilo nililotaka kukuambia tangu mstari wa kwanza, na ndilo la kutomsomea mtu yeyote. Nilimwapia altareni na kitandani kwamba sitamficha jambo. Mama Gaudiosa ameniomba mwanawe asijue kamwe kwamba alisimama akaibariki redio, nami nimemkubalia. Lakini hiyo ndiyo sehemu ndogo. Sehemu kubwa hata yeye haijui. Ile taa iliyokuwa inawaka na kuzimika, tukicheka kule kilimani. Yule mbwa asiyechoka. Alikuwa mama yake, Dada, amesimama na moto mikononi anatuombea, na kila alipotikisika kwa baridi taa ilituambia, na sisi tukabusiana. Jioni tamu kuliko zote maishani mwangu na jioni chungu kuliko zote maishani mwake ni jioni moja, na mtu pekee anayejua hivyo ni mimi. Nikimwambia Pankras, atabomoa nyumba kwa mikono yake. Nikimwambia Mama, atajua mwanawe alimwita nani. Kwa hiyo nimeibeba peke yangu, na nilipoona inanielemea nimekupa wewe upande mmoja ushike.

Lakini sijutii jioni ile. Hilo nalo nakiri. Nikifumba macho bado naiona nyumba juu ya ukungu, na ile taa ndogo ya barazani inayowaka na kuzimika, na sasa kwa kuwa najua ni nani, naiona nzuri zaidi. Tulibarikiwa tukiwa ng'ambo ya bonde bila kujua. Sijui kama ni dhambi kuiona hivyo. Nikija Krismasi utaniambia.

Nisalimie Mama, umshike miguu kwa niaba yangu. Msalimie shemeji Tobias, mwambie aanze na dari. Wabusu watoto. Mama mkwe anawasalimu wote. Nimemwuliza akutumie neno gani, akasema uje mwenyewe, chumba kina joto. Ukija, Dada, piga hodi kwa sauti. Taa ikikuwakia na usiitikiwe, usiseme maneno yako mazuri yote hapo mlangoni. Kaa kwenye ngazi, utusubiri.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Eunice
(Bi. Pankras, bado sijazoea)